Je, Wajua? Mshipa Mwembamba Hulalamika Kwanza

Je, wajua kwamba uume uliolala ndio unaofanya kazi, na uliosimama ndio uliopumzika? Muda mwingi wa siku misuli laini iliyomo ndani yake huwa imejikaza na kuruhusu damu kidogo tu ipite. Hamu inapokuja, neva zinazotokea sehemu ya chini ya uti wa mgongo hutoa gesi iitwayo naitriki oksidi. Gesi hiyo huilegeza misuli, ateri hupanuka, na damu hufurika katika vyumba viwili vilivyolala sambamba tangu shinani hadi karibu na kichwa. Vena zilizokuwa zikiiondoa damu hubanwa kwenye ukuta mgumu wa vyumba hivyo, njia ya kutokea ikazibika. Hakuna msuli unaonyanyua chochote. Ni damu iliyoingia ikazuiwa.

Mfupa pia haumo. Mbwa ana mfupa wa uume, paka anao, popo anao, hata sokwe anao. Binadamu hana, sawa na farasi na tembo. Kwa karne nyingi wasomi wa Ulaya, wakimfuata tabibu Galen, waliamini kwamba kinachoujaza uume ni hewa. Leonardo da Vinci, aliyezaliwa Italia mwaka 1452, aliiangalia miili ya wanaume walionyongwa akaona kwamba ni damu.

Nimeanza na damu kwa makusudi. Ukisikiliza mazungumzo ya vijiweni, au ukisoma vibandiko vya waganga kwenye nguzo za umeme kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi, utadhani nguvu za kiume ni kitu kinachokaa peke yake mwilini, kikipungua mtu ananunua kingine. Sivyo. Ili uume usimame, mishipa ya damu iwe mizima, neva ziwe nzima, homoni ziwe za kutosha, na akili iwe imetulia, vyote kwa saa ileile. Mwanamume anapokwama, swali la kwanza ni: kati ya hivyo, kipi kimeguswa? Dawa ni swali la baadaye.

Je, wajua kwamba tatizo la kusimamisha linaweza kutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka? Ateri zinazolisha uume zina upana wa milimita 1 hadi 2. Za moyo ni milimita 3 hadi 4, na zile za shingoni zinazopeleka damu kwenye ubongo ni milimita 5 hadi 7. Mafuta yanapoanza kuganda na kuta za mishipa zinapoharibiwa na sukari, presha na moshi wa sigara, uharibifu huo hauchagui mahali, unaenea mwili mzima. Lakini bomba jembamba huonyesha kuziba kabla ya bomba pana. Mtu huyuhuyu anapanda ngazi bila kifua kumbana, anabeba gunia, anacheza mpira, na usiku anashindwa.

Daktari wa moyo Piero Montorsi na wenzake wa Italia walilifuatilia jambo hili. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2003 waliwahoji wagonjwa 300 waliokuwa wamethibitishwa kuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Karibu nusu walikuwa na upungufu wa nguvu za kiume. Kati ya hao wenye matatizo yote mawili, theluthi mbili walisema shida ya chumbani ndiyo iliyoanza, na moyo ukafuata kwa wastani wa miezi 39 hivi. Miaka 3 na ushee! Ni muda wa kutosha kabisa kupima presha, kushusha sukari, kuacha sigara na kuanza dawa ya kolesteroli. Ndiyo maana wataalamu wa moyo siku hizi hushauri kwamba mwanamume mwenye tatizo hili, hata kama hana maumivu yoyote, achunguzwe moyo na mishipa kwanza. Binafsi naona hii ndiyo habari kubwa kuliko zote katika mada hii, na ndiyo inayosemwa kidogo kuliko zote. Mume anamficha mke, mke anadhani kuna mwanamke mwingine, na mshipa unaendelea kuziba.

Kisukari kina sura mbaya zaidi kwa sababu kinapiga pande mbili, mishipa na neva. Utafiti uliofanywa kwenye kliniki ya kisukari ya Hospitali ya Taifa Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014 uliwakuta zaidi ya nusu ya wanaume waliohojiwa, asilimia 55, wana upungufu wa nguvu za kiume, na wengi wao wa kiwango kikubwa. Kuna pia jambo ambalo wagonjwa wa kisukari huliona wakashindwa pa kuuliza: mtu anafika kileleni vizuri, lakini manii hazitoki, au hutoka kidogo sana. Hazijapotea. Neva zilizotakiwa kufunga mlango wa kibofu zimechoka, hivyo manii hurudi nyuma na kuingia kwenye kibofu cha mkojo. Kulithibitisha ni rahisi: baada ya tendo mtu anatoa mkojo, maabara inautazama kwa hadubini, na mbegu zinaonekana humo. Huwapata pia baadhi ya waliopasuliwa tezi dume na wanaotumia dawa kama tamsulosini. Mwenye hali hii haumwi, ila mke hashiki mimba, na mara nyingi lawama humwangukia mke.

Je, wajua kwamba mwanamume mzima husimamisha mara 3 hadi 5 kila usiku akiwa usingizini? Hutokea hasa katika kile kipindi cha usingizi ambacho ndoto huja na macho hucheza chini ya kope. Haihitaji ndoto ya mapenzi wala mtu wa kulala naye. Ile hali ya alfajiri ambayo vijana huisingizia mkojo, mara nyingi ni duru ya mwisho ya usiku iliyomkuta mtu akiamka.

Hiki ni kipimo ambacho mwili hujifanyia wenyewe, na daktari mzuri atakuuliza habari zake mapema kabisa. Mwanamume anayeshindwa na mkewe lakini alfajiri anasimama imara, mishipa na neva zake kwa kawaida ni nzima, na chanzo hutafutwa kwenye hofu, ugomvi, madeni, uchovu au sonona. Ambaye hata alfajiri imetoweka kwa miezi, hasa kama ilipotea taratibu, huyo atafutiwe chanzo mwilini. Mwaka 1980 madaktari wa Marekani walieleza njia ya kulipima hili kwa stempu za posta: mtu anazungushia uume ukanda wa stempu wakati wa kulala, asubuhi anatazama kama umekatika. Baadaye zikaja mashine zinazopima unene na ugumu usiku kucha. Kipimo hiki si hakimu wa mwisho, kwa kuwa usingizi mbovu na sonona navyo huvuruga kusimama kwa usiku, lakini kinaanza kutenganisha njia.

Kuhusu hofu, kuna kisa cha Ufaransa kinachostahili kusimuliwa kirefu. Katika karne ya 16 na ya 17 mke aliweza kuomba mahakama ya kanisa ivunje ndoa kwa sababu mumewe hawezi tendo la ndoa. Mume akikana, mahakama iliweza kuamuru jaribio: mume na mke waingie kitandani, pazia lishushwe, na madaktari na wakunga wakae karibu wakisubiri ushahidi. Mnamo 1659 Marquis de Langey alipelekwa kwenye jaribio hilo mjini Paris. Alishindwa. Ndoa ikavunjwa, akatangazwa hana uwezo na kukatazwa kuoa tena. Akaoa hata hivyo, na mke wake wa pili akamzalia watoto saba. Mwaka 1677 Bunge la Paris, ambalo lilikuwa mahakama kuu ya mji huo, lilipiga marufuku jaribio lile.

Maelezo ya mwili ni mepesi. Neva zinazosimamisha hufanya kazi mtu akiwa ametulia. Neva za hatari, zile zinazofanya moyo uende mbio na viganja vitoe jasho, huikaza misuli ileile iliyotakiwa kulegea. Mwili unaojiona hatarini hautoi damu kwa ajili ya mapenzi. Bwana harusi mpya anayesubiriwa na ndugu nje ya mlango, au mume ambaye aliwahi kushindwa mara moja na leo anaingia chumbani akiwa na hesabu ya ile mara, wote wawili wako kwenye hali ya Langey. Kushindwa mara moja moja kwa sababu ya uchovu au pombe si ugonjwa. Madaktari kwa kawaida huangalia tatizo lililodumu kwa miezi 3 au zaidi.

Na fikra zina nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Watafiti wa Italia, mwaka 2003, walichapisha matokeo ya wanaume 96 waliokuwa wamegunduliwa karibuni kuwa na ugonjwa wa moyo au presha, wote bila tatizo la kusimamisha. Walipewa dawa ileile, atenololi, kwa siku 90. Theluthi moja hawakuambiwa wanakunywa nini. Theluthi nyingine waliambiwa jina la dawa tu. Waliobaki waliambiwa jina na pia kwamba inaweza kupunguza nguvu za kiume. Kundi la kwanza, asilimia 3 walipata tatizo. La pili, asilimia 16 hivi. La tatu, asilimia 31. Kisha waliopata tatizo wakapewa kidonge: wakati mmoja sildenafili, dawa ya kusaidia kusimamisha, wakati mwingine kidonge kitupu kisicho na dawa. Vyote viwili viliwasaidia karibu wote, kwa kiwango sawa.

Simaanishi kwamba dawa hazina hatia. Baadhi ya dawa za kukojosha zinazotumika kwa presha, spironolaktoni, na dawa kadhaa za sonona kama fluoksetini na setralini zinajulikana kupunguza hamu, kusimama au kufika kileleni. Lakini anayehisi hivyo arudi kwa daktari abadilishiwe, maana zipo nyingine. Kuacha dawa za presha kimyakimya ni kujipeleka kwenye kiharusi, na presha isiyotibiwa yenyewe huua nguvu za kiume.

Je, wajua kwamba kumsingizia Mungu au mchawi katika jambo hili ni desturi ya zamani sana, na kwamba iliwahi kupingwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita? Kwetu mtu husema amefungwa, amewekewa tego, au kuna jini. Ulaya ya kale nako walisema mchawi amefunga fundo siku ya harusi. Kati ya maandishi ya kitabibu ya Wagiriki yaliyohifadhiwa kwa jina la Hippocrates, kimo kitabu kinachowazungumzia Waskithi, watu wa farasi wa kaskazini mwa Bahari Nyeusi. Wanaume wao walioishiwa nguvu waliamini ni adhabu ya mungu. Mwandishi akapinga: kama ni adhabu, mbona inawapata zaidi matajiri, wenye sadaka nyingi za kutoa? Akasema ni kwa sababu matajiri ndio wanaoshinda juu ya farasi. Ufafanuzi wake wa mishipa ulikuwa na makosa, lakini namna yake ya kuuliza ndiyo hasa anayoitumia daktari wa leo: nani inampata, anaishi vipi, anafanya nini.

Daktari huyo wa leo atakufanyia nini? Sehemu kubwa ni maswali. Lilianza ghafla au polepole? Hamu ipo? Alfajiri ipo? Unavuta sigara, unakunywa kiasi gani, unatumia dawa zipi? Kuna dodoso la maswali 5 linalotumika duniani kote, kila swali likiwa na alama zake, jumla ya juu kabisa 25. Kuanzia 22 hakuna tatizo, 7 kushuka chini ni tatizo kubwa. Baada ya hapo atapima presha na kiuno, atashika korodani aone kama zimesinyaa, atatazama kama uume una kovu gumu linaloupinda. Ugonjwa huo wa kupinda umebeba jina la de la Peyronie, daktari mpasuaji wa Mfalme Louis wa 15 wa Ufaransa, aliyeueleza mwaka 1743. Halafu maabara: sukari, kolesteroli, na testosteroni.

Testosteroni ipimwe asubuhi. Homoni hii hupanda alfajiri na kushuka mchana, kwa hiyo aliyepimwa saa kumi jioni anaweza kuambiwa ana upungufu asiokuwa nao. Ikitoka chini, irudiwe siku nyingine asubuhi kabla ya kuanza sindano yoyote. Na ikithibitika kuwa chini huku hamu imekufa, kichwa kinauma na macho hayaoni vizuri pembeni, daktari atapima pia prolaktini, kwani uvimbe mdogo kwenye tezi iliyo chini ya ubongo unaweza kuwa ndio chanzo.

Hadi miaka ya 1970 madaktari wengi walifundishwa kwamba karibu wagonjwa wote wa tatizo hili wanasumbuliwa na mawazo tu. Aliyevunja imani hiyo kwa kishindo ni Mwingereza Giles Brindley. Mwaka 1983, mjini Las Vegas, mbele ya ukumbi wa madaktari wa njia ya mkojo, alieleza jinsi dawa ya kulegeza misuli ikidungwa kwenye uume inavyousimamisha bila mapenzi wala mawazo ya mapenzi. Ili wasimshuku, alikuwa amejidunga mwenyewe kabla ya kuingia ukumbini, akashusha suruali wakaona. Leo sindano ya aina hiyo ni sehemu ya uchunguzi: mgonjwa hudungwa, kisha mashine ya altrasaundi hupima kasi ya damu inayoingia kwenye ateri za uume. Si kila mtu anayehitaji kipimo hiki. Kinawafaa zaidi vijana, waliopata ajali ya nyonga, na ambao vidonge vimewashinda.

Je, wajua kwamba kuwahi kufika kileleni nako kumepimwa kwa saa? Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, jozi 500 za wenzi wa Uholanzi, Uingereza, Hispania, Uturuki na Marekani walitumia saa ya kuhesabia sekunde nyumbani kwao. Mtu wa katikati kabisa katika orodha alitumia dakika 5.4 tangu kuingia hadi kufika. Yule wa haraka kuliko wote alitumia kama nusu dakika, wa polepole dakika 44. Vijana wanaojiona wagonjwa kwa kuwa hawafikishi nusu saa wamedanganywa na video. Wataalamu hulihesabu kuwa tatizo pale mtu anapofika ndani ya dakika 1 hivi tangu alipoanza kufanya tendo la ndoa, au pale aliyekuwa vizuri anaposhuka hadi dakika 3 au chini yake, na iwe hawezi kujizuia na inamsononesha.

Sasa tuje kwenye dawa za mtaani: vumbi la Kongo, mkuyati, supu ya pweza ya jioni, na mizizi ya mukombero inayotafunwa Kakamega, ambayo Waganda huiita mulondo. Pweza ni chakula kizuri, ale anayempenda. Mukombero umejaribiwa kwa panya ukaonyesha dalili fulani, lakini panya si mume wa mtu. Ninachohofia ni unga na vidonge visivyo na maandishi. Mamlaka ya dawa ya Marekani imekwisha kutaja mamia ya bidhaa zilizouzwa kama dawa za asili za nguvu za kiume zikakutwa zimechanganywa kwa siri na sildenafili au tadalafili, dawa ya jamii yake, kwa vipimo visivyojulikana.

Sildenafili yenyewe ilizaliwa kwenye utafiti wa moyo. Kampuni ya Pfizer, katika maabara yake ya Sandwich nchini Uingereza, ilikuwa inatafuta dawa ya kifua kinachobana. Kifuani haikufua dafu, ila waliojitolea wakaripoti jambo lingine, na mwezi Machi 1998 ikaidhinishwa Marekani. Mwaka huohuo Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua kazi ya naitriki oksidi katika mishipa. Alfred Nobel mwenyewe, aliyetajirika kwa baruti ya naitrogliserini, mwishoni mwa maisha yake aliandikiwa na madaktari naitrogliserini hiyohiyo kwa ajili ya moyo. Hutuliza moyo kwa kutoa naitriki oksidi. Na hapo ndipo hatari ilipo: mgonjwa wa moyo anayeweka kidonge cha jamii hiyo chini ya ulimi, akanywa na unga wenye sildenafili iliyofichwa, dawa mbili zinalegeza mishipa kwa pamoja na presha inaweza kuanguka hadi kifo. Anayehitaji dawa hii kuliko wengine, yaani mwenye mishipa mibovu, ndiye anayeweza kuuawa nayo asipochunguzwa.

Dawa si njia pekee. Mjini Napoli, watafiti waliwafuatilia kwa miaka 2 wanaume 110 wanene waliokuwa na tatizo la kusimamisha, wakachapisha mwaka 2004. Nusu walipewa maelekezo ya jumla tu, nusu wakasimamiwa kupunguza chakula na kufanya mazoezi. Katika kundi lililosimamiwa, karibu theluthi moja walirudi katika hali ya kawaida.

La mwisho linawahusu wazazi wa watoto wenye selimundu, na Tanzania ni kati ya nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nayo. Chembe za damu zilizopinda zinaweza kunasa ndani ya uume na kuufanya usimame bila hamu, kwa maumivu makali, mara nyingi usiku au alfajiri. Kijana huona aibu, anajifungia, anasubiri. Ikizidi saa 4 ni dharura sawa na mfupa uliovunjika, kwa sababu damu iliyonasa haina oksijeni na nyama ya ndani huanza kufa. Hospitalini huivuta damu hiyo kwa sindano na kudunga dawa ya kubana mishipa. Akicheleweshwa siku nzima au zaidi, anaweza kupoteza uwezo wa kusimamisha maisha yake yote akiwa na miaka 15. Mwambieni mapema, kabla halijatokea, baba au mjomba akae naye amwambie kwa majina ya wazi: ikitokea, amka, mwamshe mtu yeyote nyumbani, nendeni hospitali usiku huohuo.